PIMA GHALA KABLA YA MAVUNO
Nafasi ya diski na usasishaji wa programu kubwa

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, na kila mmoja wetu anaweza kuifafanua hata akiwa usingizini. Leo naomba tuipeleke mahali ambapo wengi hawajaifikisha, yaani ndani ya tarakilishi, au kompyuta kama tulivyozoea kuiita.

Makala hii inahusu nafasi ya diski wakati programu kubwa inaposasishwa. Najua kuna atakayeguna na kusema, "Hayo ni ya mafundi wa Nairobi, sisi wa Kitui na Makueni yanatuhusu nini?" Ngoja kwanza, ndugu yangu. Yanatuhusu sana.

MIFUMO ILIYOTUZUNGUKA

Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, kaunti zote 47, Kitui na Makueni zikiwemo, ziliingia katika mfumo mmoja wa fedha za umma uitwao IFMIS. Mfumo huo umejengwa juu ya programu za kampuni ya Oracle. Malipo ya mkandarasi aliyechimba kisima au aliyeuza dawa kwa hospitali hupitia humo. Hospitali nazo zinaendelea kuhama kutoka faili za karatasi kwenda rekodi za kompyuta. Shuleni, karo na alama za mitihani haziandikwi tena katika madaftari peke yake. Na pale Malili, kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, unajengwa mji wa teknolojia wa Konza kwenye ekari 5,000, na humo ndimo kilimo Kituo cha Taifa cha Data. Kwa hivyo mambo ya diski hayako mbali. Yako nyumbani kwetu.

Programu kama hizi, zinazotumiwa na watu wengi wa taasisi moja kwa pamoja, ndizo ninazoziita programu kubwa. Hazikai kama zilivyozaliwa. Kila baada ya muda aliyezitengeneza hutoa toleo jipya lenye marekebisho: kuziba nyufa ambazo wezi wa mitandaoni wangepitia, kuongeza kazi mpya, au kufuata sheria mpya. Kuweka toleo hilo jipya mahali pa lile la zamani ndiko kusasisha. Asiyesasisha anaacha mlango wazi. Lakini anayesasisha bila kupima nafasi anaweza kujifungia nje ya nyumba yake mwenyewe!

DISKI NA VIPIMO VYAKE

Diski ni ghala la kompyuta. Kila kitu kinachobaki baada ya stima kuzimwa kimehifadhiwa humo. Kipimo chake siku hizi ni gigabaiti, kwa kifupi GB, na GB 1,000 hufanya terabaiti moja.

Hapa kuna mambo mawili yanayowachanganya wengi. La kwanza ni hesabu yenyewe. Ukinunua diski iliyoandikwa GB 500, Windows itakuonyesha GB 465 hivi. Usikimbilie kumshika mwenye duka shati, hajakuibia. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni 1 kamili, ilhali Windows huihesabu kuwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Kwa hivyo unapopanga, tumia namba unayoionyeshwa na kompyuta, si ile iliyochapishwa kwenye kasha.

La pili ni vyumba. Diski moja inaweza kugawanywa vyumba kadhaa, kama C na D. Chumba C kikijaa, nafasi iliyo D haikisaidii kitu mpaka mtu aihamishe kwa mkono. Ni kama nyumba ya vyumba viwili ambayo jikoni mmebanana na sebuleni hakuna mtu, lakini mlango wa kati umefungwa. Mafundi wengi husema, "Mbona diski ina nafasi tele?" Kumbe nafasi hiyo iko chumba kingine!

HESABU KILELE, USIHESABU MWISHO

Sasa tufike kwenye kiini cha makala hii. Mtu anasoma kwamba toleo jipya lina ukubwa wa GB 12. Anaangalia diski, anaona GB 165 ziko wazi. Anacheka na kusema, "Hii ni kazi ya dakika kumi." Usiku wa manane mashine inakwama katikati: toleo la zamani limeshavunjwa, jipya halijakamilika, na asubuhi wagonjwa wamepanga foleni.

Tatizo liko wapi? Alihesabu ukubwa wa kitu, hakuhesabu nafasi ya kazi. Mfikirie mkulima wa ndengu kule Mwingi au Kibwezi. Ghala lake lina magunia ya mwaka jana. Mavuno mapya yakifika hawezi kutupa ya zamani siku hiyo hiyo, maanake hajui kama mapya yamekauka vizuri au yana wadudu. Kwa hivyo kwa siku kadhaa ghala lazima libebe ya zamani na mapya pamoja, tena kuwe na uwanja wa kuanikia, kupigia na kupepetea. Baada ya mwezi mmoja ghala litaonekana kuwa na nafasi. Lakini siku ile ya kilele, asiye na uwanja atamwaga ndengu barabarani.

Kompyuta ni vivyo hivyo. Kwa saa chache la zamani na jipya hulala kitanda kimoja. Saa hizo ndizo za kupangia. Haya ndiyo mambo saba ya kuhesabu:

1. Furushi lenyewe. Hili ndilo toleo jipya linalopakuliwa, na huja likiwa limebanwa kama nguo za mitumba ndani ya belo.

2. Furushi likifunguliwa. Belo likifumuliwa nguo hujaa chumba. Furushi la GB 12 linaweza kufumuka likawa mara mbili au tatu, na belo lenyewe bado liko pale pale.

3. Programu ya zamani. Isitupwe mpaka mpya iaminike. Hata Windows hufanya hivyo: ikipanda toleo huiweka ile ya zamani katika folda ya Windows.old, kwa kawaida kwa siku 10, kisha huifuta.

4. Nakala ya akiba ya hifadhidata. Hifadhidata ndiyo mali yenyewe: majina, malipo, alama, rekodi za wagonjwa. Programu inaweza kununuliwa tena, lakini rekodi za mgonjwa wa miaka mitano hazipatikani dukani.

5. Uwanja wa kazi wa hifadhidata. Toleo jipya likitaka kubadilisha muundo wa jedwali kubwa, mara nyingi hifadhidata hujenga nakala nzima ya jedwali hilo pembeni, halafu ndipo ifute la kwanza. Jedwali la GB 60 linadai GB 60 nyingine.

6. Daftari la matukio. Hifadhidata huandika kila inachofanya ili ikiangushwa iweze kujiinua. Siku ya kusasisha hufanya mengi, na daftari hunenepa haraka.

7. Ukuaji wa kawaida. Kutoka siku ya kupanga hadi siku ya kazi huenda miezi mitatu ikapita, na kila siku rekodi zinaongezeka.

Juu ya hayo saba weka pumzi. Diski isijazwe hadi shingoni. Mafundi wengi huacha asilimia 15 hadi 20 ikiwa wazi daima.

Kuna mifumo ambayo kanuni hii imejengwa ndani yake. Toleo la 12.2 la Oracle E-Business Suite, lililotolewa mwaka 2013, huweka faili za programu katika maghala mawili yanayofanana. Moja linawahudumia watu, lingine linafanyiwa marekebisho, na kazi ikiisha hubadilishana zamu. Raha yake ni kwamba ofisi husimama kwa muda mfupi tu. Gharama yake nayo ni wazi: nafasi ya faili hizo za programu ni mara mbili. Aliyepanga ghala moja atakwama mlangoni.

TUFANYE HESABU PAMOJA

Tuseme hospitali fulani, ya kubuni tu, ina seva yenye diski ya GB 465. Mfumo endeshi unakula GB 60, programu GB 40, hifadhidata GB 150, na picha za nyaraka GB 50. Jumla ni GB 300, zimebaki 165. Hebu chukua kalamu.

Furushi: 12
Furushi likifunguliwa: 30
Nakala ya programu ya zamani: 40
Nakala ya akiba ya hifadhidata: 150
Uwanja wa kazi wa jedwali kubwa: 60
Daftari la matukio: 20
Ukuaji wa miezi mitatu, GB 4 kwa mwezi: 12
Jumla: GB 324
Pumzi ya asilimia 15 ya diski: 70
Jumla kuu: GB 394

Ameona? Yule aliyekuwa na GB 165 na kucheka anapungukiwa na GB 229!

Lakini asikate tamaa. Nakala ya akiba haifai kukaa kwenye diski hiyo hiyo hata kidogo, maanake diski ikifa hufa na nakala yake. Ukiipeleka kwenye diski ya nje unaokoa 150, na hitaji linashuka hadi 244. Bado pengo ni 79. Ukihamisha picha za nyaraka kwenda diski nyingine unapata 50, na ukifuta mafurushi ya zamani na faili za muda, tuseme unapata 30. Sasa nafasi wazi ni GB 245 dhidi ya hitaji la 244. Pumzi tumeshaihesabu ndani, kwa hivyo kazi inaweza kufanyika. Hata hivyo mwenye busara ataona kwamba ghala limebana, naye ataandika barua ya kuomba diski kubwa zaidi leo, si mwaka ujao.

YALIYOWAPATA WENGINE

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wanyonge. Toyota tunaijua sote, maanake Probox na Hiace ndizo zinazotupeleka sokoni na shuleni. Tarehe 29 Agosti 2023 viwanda vyote 14 vya kuunda magari vya Toyota nchini Japani vilisimama. Hapakuwa na tetemeko la ardhi wala mgomo. Siku mbili kabla yake, tarehe 27, mafundi walikuwa wakifanya matengenezo kwenye seva za kuagizia vipuri. Data iliyorundikana ilipokuwa ikifutwa na kupangwa upya, nafasi ya diski ikaisha, na mfumo ukasimama. Seva za akiba zilikuwa katika mfumo ule ule, nazo zikapata tatizo lile lile, kwa hivyo hapakuwa na pa kukimbilia. Kampuni ilieleza kwamba ilipona baada ya kuhamishia data kwenye seva yenye nafasi kubwa zaidi.

Tutazame mafunzo mawili hapo. Kwanza, hata kusafisha kunahitaji nafasi. Mtu huwezi kupanga upya ghala lililojaa hadi paa. Pili, akiba inayofanana na ile ya kwanza kwa kila kitu, hata kwa ufinyu, huanguka pamoja nayo.

Mfano mwingine ulitokea mbali zaidi, kwenye sayari ya Mirihi. Januari 2004 gari la uchunguzi la NASA liitwalo Spirit lilitua huko. Wiki chache tu baadaye likaanza kujizima na kujiwasha upya tena na tena. Chanzo kilipotafutwa, ikaonekana kwamba kumbukumbu yake ilikuwa imerundikana faili nyingi mno, zikiwemo za tangu safari ya angani, na kompyuta ilishindwa kuzibeba zote. Wahandisi waliokuwa duniani waliliamuru liwake bila kutegemea kumbukumbu hiyo, kisha wakafuta faili zisizohitajika. Ikiwa mashine ya kwenda Mirihi iliangushwa na faili kuukuu, sembuse ya ofisini Wote au Kitui mjini?

KIPI KIFUTWE, KIPI KISIGUSWE

Diski ikijaa watu hushikwa na wazimu wa kufuta. Hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Vya kufuta bila hofu ni pipa la taka, faili za muda, mafurushi ya matoleo yaliyopita, na filamu na nyimbo ambazo watu wamezificha katika mashine za umma (mnajijua!).

Vya kutoguswa ni faili za hifadhidata, hata kama jina lake halieleweki, na madaftari ya matukio ya hifadhidata yanayotumika. Anayefuta daftari la matukio kwa mkono anaweza kuivunja hifadhidata asiweze kuiunga. Lipunguzwe kwa njia iliyowekwa na mfumo wenyewe. Na katika maabara ya shule, zisiguswe kamwe folda za kazi za wanafunzi. Wanaofanya somo la Kompyuta katika KCSE wana karatasi ya tatu ambayo ni mradi, kazi ya miezi kadhaa. Mtu akifuta folda ya mwenzake ili apate GB mbili za kusasisha, amemfuta mwenzake alama. Maji yakimwagika hayazoleki.

RATIBA YA MWENYE BUSARA

Mkulima wa Ukambani hachimbi matuta ya fanya juu siku mvua inaponyesha. Huyachimba wakati wa kiangazi, jua likiwaka, ili vuli ikija Oktoba ikute mahali pa kutulia. Usasishaji nao una kiangazi chake.

Miezi mitatu kabla: soma maelezo ya toleo jipya. Mara nyingi mtengenezaji ameandika nafasi inayohitajika, ila wengi hawasomi. Fanya hesabu ya mambo saba. Kama diski haitoshi, agiza sasa, maanake ununuzi wa taasisi ya umma una barua, zabuni na sahihi, hauendi kwa siku moja.

Mwezi mmoja kabla: fanya jaribio kwenye mashine nyingine yenye nakala ya data, na upime kilele halisi. Huko ndiko utakakojua kama furushi linafumuka mara mbili au mara tano.

Wiki moja kabla: safisha, hamisha, kisha pima tena kila chumba cha diski. Kwenye Windows fungua orodha ya diski na usome nafasi iliyobaki. Kwenye Linux andika amri ya df -h.

Siku ya kazi: chagua usiku au mwisho wa juma. Chukua nakala ya akiba, na ujaribu kuifungua. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni ahadi tu. Hakikisha betri ya akiba ina moto, maanake stima ya kwetu tunaijua. Weka mtu wa kutazama nafasi kila baada ya muda mfupi, na muafikiane mapema: nafasi ikishuka chini ya kiwango fulani, kazi isimamishwe na mrudi kwenye toleo la zamani.

Baada ya wiki mbili, watu wakiwa wameridhika, futa ya zamani na upime tena.

TUANZE NA MAABARA YETU

Sisi wanafunzi hatuna seva za kaunti, lakini tuna maabara. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai diski isiyopungua GB 64, kumbukumbu ya GB 4, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine nyingi za zamani zitapita kwa diski na kushindwa kwa mengine, kwa hivyo kila moja ipimwe peke yake kabla ya yeyote kubonyeza kitufe cha kusasisha.

Napendekeza jambo dogo lisilo na gharama. Chama cha Kompyuta kiwe na daftari moja. Kila tarehe mosi ya mwezi, mwanachama mmoja aandike nafasi iliyobaki katika kila mashine. Kama mashine ilikuwa na GB 80 Januari, GB 72 Februari na GB 64 Machi, hata mtoto wa chekechea ataona kwamba inakula GB 8 kwa mwezi, na ifikapo Novemba itakuwa imejaa. Hiyo ndiyo mipango: kuijua Novemba ukiwa bado uko Machi.

Wako wenzetu watakaotoka shuleni humu waende kufanya kazi katika hospitali za Kitui, ofisi za kaunti pale Wote, au Konza yenyewe. Siku moja mmoja wao ataulizwa na mkubwa wake, "Toleo hili ni GB 12 tu, kwa nini unaomba diski ya terabaiti mbili?" Ajibu kwa adabu, "Mzee, naomba nikuonyeshe hesabu ya kilele," kisha atoe karatasi yenye mambo saba. Mgonjwa aliyetoka Mutomo alfajiri hatajua kamwe kilichofanyika usiku. Atakuta faili yake iko, atatibiwa, naye atapanda gari arudi nyumbani.